Kabla ya Kuitaja Bahari, Ligeuze Gamba

Garissa ina imani moja ambayo sijasikia mtu akiipinga. Lori la mchanga wa Tana likimwaga mzigo mahali pa ujenzi na gamba jeupe likaonekana, fundi atasema bahari iliwahi kufika hapa. Mwalimu wa jiografia atasema hivyohivyo darasani, mzee barazani ataitikia, na mgeni wa Nairobi aliyekuja kwa warsha ya siku mbili atapiga picha na kuisambaza na maelezo yaleyale. Mjadala umefungwa na hakuna aliyeligeuza gamba kutazama ndani.

Naipinga imani hiyo. Sikatai kwamba bahari iliwahi kuifunika Kaskazini Mashariki; ilifanya hivyo, na nitafika huko. Ninachokataa ni mazoea ya kulichukua gamba lolote, kwa sababu tu ni gamba, na kulisimamisha kizimbani kuwa shahidi wa bahari. Gamba halina ushahidi wowote mpaka ijulikane ni la mnyama gani. Na gamba la kombe mdogo, hawa wa ukubwa wa ukucha wanaozua maneno mengi, halitambuliki kwa sura yake ya nje.

Tuanze na hesabu isiyohitaji gamba hata moja. Mji wa Garissa uko karibu mita 150 juu ya usawa wa bahari, na kama kilomita 250 kutoka pwani ya Lamu. Barafu yote ya Greenland na Antaktika ikiyeyuka, bahari itapanda kwa takriban mita 70. Mara ya mwisho ilipopanda kuliko leo kwa kiasi cha kutajika, yapata miaka 125,000 iliyopita, ilipanda mita sita hadi tisa hivi, ikaacha mwamba wa matumbawe uliobeba mji wa Mombasa. Sasa chukua gamba lililolala juu ya mchanga wa mto, bado lina ngozi yake ya kahawia, bado pande zake mbili zimeshikwa na kano. Gamba la namna hiyo halijamaliza miaka mingi tangu mwenyewe afe. Anayesema lililetwa na bahari anadai bahari ya juzijuzi iliyopanda kuliko uwezo wa barafu yote ya dunia. Ana deni la mita 80, na sijui atalilipa kwa nini.

Tena, vingi vinavyookotwa huku havistahili hata kuingia katika mjadala. Mvua ikikatika na nyasi zikakauka, ardhi kati ya Garissa na Wajir hubaki imetapakaa magamba meupe ya konokono wa nchi kavu, viumbe ambao ukiwatupa baharini watakufa. Gamba la konokono ni moja na limejisokota. La kombe lina pande mbili zinazofungana kwa bawaba. Asiyeona tofauti hiyo hajaanza kusoma, lakini nimewasikia konokono hao wakiitwa mabaki ya bahari kwa sauti ya uhakika ambayo ingemfaa hakimu. Kauri zilizoshonwa kwenye mikanda na vyombo vya maziwa ni za bahari kweli, ila zilifika huku mikononi mwa watu na migongoni mwa ngamia. Kubeba magamba kutoka ufukweni si jambo la jana: katika pango la Panga ya Saidi, Kilifi, wanaakiolojia walipata shanga ya gamba la bahari yenye umri wa zaidi ya miaka 60,000.

Anayebaki ni kombe mdogo wa mchanga wa Tana, na hoja nzima inasimama juu yake. Ana umbo la pembetatu iliyoviringwa. Nje ana mistari iliyoinuka inayofuata ukingo, na rangi yake ni manjano inayoelekea kahawia au nyeusi. Akikaa kwenye jua la Garissa hugeuka mweupe kabisa. Mpeleke Lamu ukamchanganye na kombe wadogo wa ufukweni wa familia ya Veneridae, kisha uwaombe watu wamtafute. Wengi watashindwa. Ukubwa ni uleule, mviringo unakaribiana, mistari inafanana, na weupe wa kuchomwa na jua hauna makabila. Wanaoamini sura ya nje wanapotelea hapo.

Mgeuze basi. Msugue ndani kwa mswaki laini mpaka tope litoke. Chini ya kilele kilichojikunja, ambacho ndicho sehemu ya gamba iliyoota kwanza, kuna ukingo mnene: hiyo ndiyo bawaba. Katikati yake, chini kabisa ya kilele, kila upande una meno matatu mafupi. Mbele na nyuma ya hayo kuna meno mengine, marefu na membamba, yanayofuata ukingo. Yapitishie ukucha utasikia yanakwaruza. Yatazame kwa kioo cha kukuzia utaona yamekerezwa kama msumeno. Matatu ya kati pamoja na marefu yaliyokerezwa ya pembeni: huo ndio mpangilio wa Corbicula, jenasi ya maji baridi iliyoenea Afrika kutoka Naili hadi Afrika Kusini. Veneridae wa Lamu nao wana meno matatu ya kati, ndiyo maana anayehesabu meno ya kati na kuondoka zake atakosea. Wasichokuwa nacho ni yale marefu ya msumeno mbele na nyuma.

Usiishie kwenye meno. Ndani ya gamba kuna makovu mawili, moja mbele na moja nyuma, mahali iliposhika misuli ya kulifunga. Kati ya makovu hayo unapita mstari mwembamba, ukienda sambamba na ukingo. Huo ni alama ya mahali ilipojishikiza ile ngozi laini inayojenga gamba, ambayo wataalamu huiita joho. Kwa kombe wengi wa baharini wanaojizika mchangani, mstari huo ukifika upande wa nyuma hupinda kuingia ndani na kufanya ghuba. Ghuba hiyo ina kazi. Kombe aliyejizika hupumua na kula kupitia mirija miwili anayoitoa juu ya mchanga, na hatari ikitokea huivuta ndani ya gamba. Mirija mirefu inahitaji pa kukaa, na hapo ndipo pake. Kwa hiyo gamba tupu, la mnyama aliyekufa na kuoza, linaweza kukuambia mwenyewe alizoea kujizika kina gani. Corbicula ana mirija mifupi na hukaa karibu na uso wa mchanga. Mstari wake unapita moja kwa moja bila ghuba.

Meno yamesema mto na mstari umekubali. Huyu aliishi mtoni, akafia mtoni, na koleo la mpakiaji likamtia kwenye lori pamoja na mchanga. Tana inatoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare na kusafiri karibu kilomita 1,000 hadi Kipini. Ina mchanga wa kumtosha bila kukopa kutoka Bahari Hindi. Ukiwa na upande mmoja uliovunjika bawaba, basi nyamaza, maana hata bingwa atanyamaza.

Najua nitakachojibiwa. Siku hizi kuna programu za simu: unapiga picha na jina linatokea. Sina chuki na simu. Lakini programu hizo hulinganisha picha yako na picha zilizopigwa na watu wengine, na watu hupenda kupiga kombe kwa nje, ambako kuna rangi na madoido. Unaiuliza simu swali ambalo jibu lake liko upande uliofunikwa, nayo, kwa adabu yake, haikatai kujibu. Rangi hupauka. Ukubwa hutegemea umri, na mtoto wa kombe mkubwa ni rahisi kumdhania mzee wa kombe mdogo. Umbo nalo hubadilika kwa mazingira. Chaza aliyebanwa kwenye mzizi wa mkoko huota kwa kufuata nafasi aliyopewa, na ndugu yake aliyekaa mahali pa wazi huonekana wa ukoo mwingine. Hata kung'aa kwa ndani, ambako wengi hukuona kuwa ishara ya lulu na kwa hiyo ya bahari, kunapatikana kwa kombe wakubwa wa mito na maziwa ya Afrika. Bawaba haiko huru namna hiyo. Meno ya upande mmoja sharti yaingie kwenye mashimo ya upande wa pili. Yakienda kombo, gamba halifungi na mwenyewe analiwa.

Mtu asidhani kosa hili ni la wasiosoma. Kosa kubwa kuliko yote ya aina hii katika Afrika Mashariki lilifanywa na mwanazoolojia. J. E. S. Moore, Mwingereza, alifika Ziwa Tanganyika mwaka 1895 na akarudi tena mwaka 1899. Alikuta konokono wenye magamba mazito, yenye miiba na nakshi, yanayofanana na ya baharini. Tena ziwa lilikuwa na kiwavi wa maji, yule mnyama laini anayefahamika zaidi baharini, ambaye Mjerumani Richard Böhm alikuwa amemwona mwaka 1883. Moore aliyalinganisha magamba hayo na visukuku vya bahari ya zama za Jurasi, akaona yamefanana, akatangaza kwamba Tanganyika ni mabaki ya bahari ya Jurasi iliyosahaulika katikati ya bara. Mwaka 1903 aliitolea hoja hiyo kitabu kizima.

W. A. Cunnington alipokwenda ziwani mwaka 1904, na wengine baada yake walipochunguza wanyama wenyewe na miamba ya bonde, hoja ikazama. Ziwa hilo limo ndani ya bonde la ufa na umri wake hukadiriwa kuwa miaka milioni 9 hadi 12, wakati Jurasi iliisha yapata miaka milioni 145 iliyopita. Konokono wake walijitengenezea unene na miiba humohumo ziwani, na moja ya sababu zilizofanyiwa utafiti ni kaa wa ziwa hilo, wenye makucha makubwa ya kuvunjia magamba. Shida ileile ilizaa suluhisho lenye sura ileile, baharini na ziwani, pasipo undugu. Moore alikuwa msomi, alikuwa na darubini, na bado sura ya nje ilimpeleka mbali. Jambo la kuchekesha ni kwamba bahari ya Jurasi aliyoitafuta Tanganyika ilikuwa kweli imeingia Afrika Mashariki. Ila ilipita kwingine, na sehemu yake iko Mandera.

Kabla ya Mandera niseme ni hasara gani tunaipata kwa kulibandika kila gamba jina la bahari. Tazama Ziwa Turkana. Mashariki mwa ziwa hilo, upande wa Koobi Fora, magamba ya kombe yamelala kwenye nchi kavu, mbali na ufuo wa leo, katika tabaka ambazo wanajiolojia huziita Galana Boi. Yangeweza kuitwa ya bahari, hadithi ikaisha. Yaliposomwa yakaonekana ni ya maji baridi, Corbicula wakiwemo, na kutokana nayo pamoja na mengine ikajulikana kwamba kati ya miaka 11,000 na 5,000 hivi iliyopita ziwa lilikuwa likisimama juu zaidi ya leo, nyakati fulani kwa mita 80 na zaidi, hata likafurika kuelekea bonde la Naili. Hiyo ndiyo habari ya kumfaa mtu wa kaskazini: mvua ilikuwa nyingi kiasi gani, na ilikatika lini.

Huku kwetu nako ni vivyo hivyo. Ewaso Nyiro humalizikia kwenye kinamasi cha Lorian, na laga zinazokatiza Wajir na Garissa nyingi hubaki kavu karibu mwaka mzima. Corbicula hawezi kuishi kwenye laga inayotiririka wiki mbili na kukauka. Akionekana ndani ya ukingo wa zamani wa laga kavu, tena wengi, wadogo kwa wakubwa, pande zake mbili zikiwa bado zimefungana, anasema kwamba maji yalidumu pale miaka mfululizo. Mfugaji, mchimba kisima na mhandisi wa maji wote wangependa kusikia maneno hayo. Tumeyafunika kwa kelele za bahari ambayo haikuwepo.

Wapo watakaoniambia nimegusa Tufani ya Nabii Nuhu, amani iwe juu yake. Sijaigusa. Anayeiamini Tufani aliipokea katika Qur'ani, na hakungoja lori la mchanga lije limthibitishie. Anayeiegemeza imani yake juu ya Corbicula ndiye anayeipa mguu dhaifu, kwa sababu kesho mwanafunzi mwenye kioo cha kukuzia atamwonyesha meno ya msumeno. Wakale wetu walikuwa makini kuliko sisi. Al-Biruni, katika karne ya 11, aliandika kwamba jangwa la Uarabuni liliwahi kuwa bahari, na huwa ananukuliwa kana kwamba anaunga mkono kila gamba la kila mahali. Lakini alichokitegemea ni tabaka zinazoonekana watu wanapochimba visima, na mawe ambayo yakipasuliwa hukutwa na magamba ndani yake. Gamba lililo ndani ya jiwe na gamba lililo juu ya mchanga ni kesi mbili.

Na mawe ya namna hiyo tunayo. Ukitoka Tarbaj kuelekea kaskazini hadi Rhamu na Mto Daua unatembea juu ya sakafu ya bahari. Huko mawe ya chokaa na mawe ya tope ya zama za Jurasi yamepangana tabaka juu ya tabaka. Tabaka za Didimtu ni za mwanzo mwanzo wa bahari hiyo, takriban miaka milioni 180 iliyopita. Ndani yake yumo Bouleiceras, amonaiti (kiumbe wa bahari ya kale mwenye gamba) ambaye amepatikana pia Madagaska na Uarabuni. Ilikuwa wakati bara kuu la kusini linaanza kupasuka, Madagaska ikiwa bado imeegemea ubavu wa Kenya na Somalia, na maji yakaingia kwenye ufa huo. F. M. Ayers alichapisha ripoti ya jiolojia ya Wajir na Mandera mwaka 1952, na wenzake wa idara ya jiolojia ya koloni wakafuata na ripoti za maeneo madogomadogo. Makombe na konokono wa mawe wakapelekwa London, ambako L. R. Cox wa Jumba la Makumbusho la Uingereza aliwaeleza, pamoja na wenzao wa nchi ya Tanganyika, katika kitabu kilichotoka mwaka 1965.

Nakubali zaidi ya hayo. Garissa yenyewe iko juu ya ukingo wa bonde la kijiolojia la Lamu, na wachimbaji wa visima vya mafuta katika bonde hilo wamekutana na tabaka za bahari chini sana ya ardhi. Kwa hiyo fundi wa Garissa anayesema bahari ilikuwa hapa amesema kweli kwa bahati. Ushahidi wake ni wa mto, na bahari yake iko chini ya miguu yake mamia ya mita. Mahakamani mtu wa hivyo hushindwa kesi hata kama haki ni yake.

Sasa tazama kombe mdogo wa jiwe anavyosomwa, uone kama sura ya nje inasaidia. Mara nyingi gamba lenyewe limeyeyuka zamani. Kilichobaki ni donge la tope lililojaa ndani ya gamba likawa jiwe, na donge hilo limebeba chapa ya ndani: makovu ya misuli yameinuka badala ya kuzama, mstari wa joho unaonekana, na pale penye meno pamebaki mashimo. Ukikandika udongo laini wa kufinyangia kwenye mashimo hayo na kuutoa taratibu, meno ya mnyama aliyekufa kabla ya dinosaria wengi kuzaliwa yanakurudia kiganjani. Nje hakuna kitu. Kule Mandera anayetegemea rangi na mng'aro hana hata pa kuanzia.

Kati ya kombe wadogo wa tabaka za Jurasi za Afrika Mashariki wamo wa jenasi ya Corbula. Majina yanakaribiana na Corbicula wa Tana, wanyama hawakaribiani. Corbula ni wa bahari, wengi wao hawafiki sentimita mbili, na pande zao hazilingani: wa kulia ni mkubwa na mnene zaidi, nao unaukumbatia wa kushoto. Upande wa kulia una jino moja nene linaloingia katika shimo la upande wa kushoto. Hakuna matatu ya kati, hakuna msumeno. Nyuma, gamba huchongoka. Kujua upande upi ni wa kulia si uchawi: shika gamba kilele kikiwa juu na ncha hiyo ya nyuma iliyochongoka ikiwa upande wa kwako, na ulio kulia kwako ndio wa kulia. Mwanafunzi wa darasa la sita anaweza. Na akishajua kwamba jiwe lake limejaa Corbula, amejua jambo zaidi ya bahari: jenasi hiyo huvumilia tope na hewa haba, na tabaka linalojaa hao peke yao mara nyingi lilikuwa sakafu ya tope ambapo wengine walishindwa kuishi.

Hadi hapo tumepata jenasi. Spishi ni ngazi nyingine, na hapa ninagombana pia na wenzangu wanaopenda kutoa jina la spishi kwa gamba moja. Tendaguru, kusini mwa Tanzania, inatosha kuwa onyo. Wajerumani walichimba huko kati ya mwaka 1909 na 1913 wakatoa mifupa ya dinosaria inayosimama Berlin hadi leo. Tabaka za mifupa zinapishana na tabaka za bahari, na zile za bahari walizipa majina ya kombe waliomo. Moja waliita ya Trigonia smeei, jina ambalo msomi Sowerby alikuwa amempa kombe wa Kachchh, India, mwaka 1840. Baadaye kombe wa Tendaguru walitengwa na wa India wakaitwa Indotrigonia africana, na tabaka lenyewe leo linaitwa kwa jina hilo. Hilo si suala la vibandiko. Watu walikuwa wakitumia kombe hao kulinganisha umri wa miamba ya Tanganyika na ya India. Jina likibadilika, ulinganisho wote unarudishwa mezani. Mnyama mzito kuliko tembo kadhaa alisubiri umri wake kwa kombe anayetosha kiganjani. Spishi hudai magamba mengi, ya vijana na wazee, kutoka tabaka lilelile, ili ujue tofauti ipi ni ya ukoo na ipi ni ya umri. Ndiyo maana kuhusu Corbicula wa Tana ninasema jenasi kwa sauti kubwa, na spishi ninaiacha kwa mwenye sanduku zima la magamba.

Hoja ya mwisho ninayokutana nayo huja na suti: kwamba kusoma magamba ni elimu ya babu, sasa kuna DNA, tuwaachie wenye maabara. Jiwe la Didimtu halina DNA. Gamba lililochomwa na jua miaka kadhaa lina kidogo mno ya kutegemea. Na Corbicula mwenyewe, akiwa hai, amewasumbua wenye maabara: kuna koo za jenasi hiyo ambazo hurithi chembe za urithi kutoka upande wa baba peke yake, zikiiba yai la ukoo mwingine, hata DNA ya sehemu moja ya seli ikasema ukoo huu na gamba likasema ule. Maabara ni nzuri, ila mtu wa maabara naye hulitazama gamba. Hoja hiyo ina ubaya mwingine, na huo unanikera zaidi. Inamwambia kijana wa Mandera, anayeishi juu ya moja ya hazina kubwa za visukuku vya bahari nchini, kwamba kazi yake ni kuokota na kazi ya kutaja jina ni ya mwingine. Miaka ya 1950 ilikuwa hivyo: mawe yalitoka hapa, majina yalitoka London. Kioo cha kukuzia cha mara kumi, mswaki, udongo wa kufinyangia na trei ya magamba ya kulinganishia kutoka Tana, Turkana na Lamu havigharimu hata bei ya simu moja ya kisasa. Chuo Kikuu cha Garissa kingeweza kuwa na trei hiyo kabla ya muhula kwisha. Shule ya msingi ya Rhamu pia.

Na haraka ipo. Barabara ya kutoka Isiolo kupitia Wajir na Elwak hadi Rhamu na Mandera inahitaji kokoto, na kokoto hupatikana kwa kupasua mawe. Sikatai barabara, watu wa huku wameingoja tangu uhuru. Ninaomba kila chimbo linapofunguliwa kwenye tabaka za Jurasi, mtu mmoja aliyefundishwa kugeuza gamba asimame pale asubuhi moja, atoe mawe machache, aandike mahali na urefu wa tabaka kutoka chini, kisha awaache wafanye kazi. Jiwe likishapita kwenye mashine, hata Cox akifufuka hataweza kusema lilitoka Didimtu au kwenye tabaka lililo mita 200 juu yake.